Picha ya Gurudumu Kubwa

"Usilie kabla wageni hawajafika," Shangazi Esha alimwambia Sauda, huku akimrekebisha ushungi. "Watatusema."

"Silii, shangazi. Moshi huo."

"Moshi wa jiko la gesi?"

Sauda akacheka, na chozi lililokuwa linaning'inia likapata kisingizio cha kuanguka. Hakuwa na huzuni. Ilikuwa furaha iliyokosa pa kukaa. Leo, baada ya swala ya adhuhuri, Shamte wake angeletwa na baba yake mkubwa kutoka Miteja, kuposa rasmi mbele ya Bibi Somoe. Bibi akisema ndiyo, basi imekwisha. Akisema hapana, hapakuwa na mtu Kitomanga nzima wa kumrudisha nyuma. Hata baba yake Sauda, Mzee Iddi, mwenye mashine ya kusaga na ndevu nyeupe, mama yake huyo alikuwa bado anamwita "wewe mtoto".

Kupitia dirishani Sauda alimwona baba yake mlangoni mwa kibanda cha mashine, wayo wa mguu mmoja umepanda juu ya mguu wa pili. Ndivyo walivyosimama watu wote wa nyumba hiyo wakiwa na mawazo. Sauda akagundua kwamba naye amesimama vivyo hivyo. Akashusha mguu.

"Anakupenda kweli huyo mpiga picha wako?" shangazi aliuliza.

"Ananipenda."

"Umejuaje?"

"Ananisikiliza nikimweleza mashine."

"Yarabi! Wenzio wanaletewa marashi."

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mapenzi yao yalianzia kwenye mashine. Sauda alikwenda mjini Lindi kupiga picha ya paspoti, akaingia studio ya kwanza aliyoiona. Studio za watu zimejaa maharusi ukutani. Hii ilikuwa na gurudumu. Gurudumu la chuma, jeusi na jeupe, refu kuliko mtu, na mwanga ulioingia kwa matundu ya paa umemwagika juu ya ukingo wake kama maziwa. Sauda alisahau kilichomleta.

"Hili la nini?" aliuliza.

"Sijui, dada," alisema kijana mwenye kamera.

"Hujui, na umelitundika?"

"Nimeshindwa kulishusha."

Jibu hilo lilimwingia Sauda mahali ambapo majibu ya wanaume wengine yalikuwa hayajawahi kufika. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

Shamte alimsimulia. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakibomoa nyumba ya injini kwenye shamba la zamani la mkonge, nje ya mji. Wakakuta sanduku la bati limejaa vioo vyenye vivuli vya picha, negativu za kizamani. Wao walitaka bati. Vioo wakampa yeye. Akavisafisha kwa pamba, kimoja kimoja, akazichapa picha zake karatasini, na kutoka kwenye giza lile zikaja injini, mikanda, rola za chuma, ngoma yenye visu, na ile mashine yenyewe ya kuchakata mkonge, ambayo watu wa kusini waliiita korona tangu zamani, kabla ugonjwa haujalichukua jina hilo.

Aliyezipiga picha alikuwa mzungu fulani wa enzi za ukoloni. Pembeni mwa kila kioo aliandika kwa wino aina ya mashine, nguvu ya injini, na mwezi ilipofungwa. Watu waliosimama humo hakuandika jina la hata mmoja. Kwake walikuwa kipimo tu, kama mtu anavyoweka kiberiti kando ya samaki ili ukubwa wa samaki uonekane.

Na bado zilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe hata kama linauma. Singa za mkonge zilizoanikwa zilining'inia kama nywele za bibi harusi. Mikanda ilipanda darini ikavuka ikashuka bila kukosea. Sauda, aliyelelewa na mlio wa mashine ya baba yake, alizisoma picha zile kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwao.

"Ona. Injini inavuta huku. Mkanda unapanda. Hili gurudumu linatunza nguvu ili jani nene likiingia mashine isikwame. Halafu nguvu inashuka hapa, inakwenda kwenye ngoma."

Shamte alitazama kidole chake, kisha mdomo wake, kisha macho yake, na kuanzia hapo hakuiona picha tena.

"Mimi nilikuwa naona mwanga tu," alimwambia. "Wewe umenionyesha kwamba inakwenda."

Siku nyingine, vidole vyao vikiwa vimeshazoeana, Sauda alimwambia jambo aliloona aibu kulisema. "Baba yake Bibi alifanya kazi kwenye hiyo kambi ya mkonge. Korona ilimkata mkono. Bibi alizaliwa mkono umeshakwenda. Na mimi nakaa hapa nasema mashine ni nzuri."

"Ana picha yake?"

"Nani angempiga picha, Shamte?"

Shamte aligeukia picha za ukutani. Tangu siku hiyo alijua atakuja na zawadi gani siku ya posa.

*

Wageni walifika kwa bajaji, wamejaa vumbi na heshima. Mzee Ramadhani, baba mkubwa wa Shamte, alishuka kwanza, kanzu imenyooshwa, mkononi kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cha kijani. Shamte alimfuata amekumbatia fremu pana iliyofungwa kwa khanga.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni!" Shangazi Esha aliitikia kwa utani. "Karibuni Wamatumbi. Viatu acheni nje, na mihogo yetu msiiguse."

"Mihogo yenu ya nini? Sisi tumefuata kitu kinachopika mihogo," Mzee Ramadhani alijibu, na ua mzima ukacheka. Sauda, nyuma ya pazia la chumba, aliziba mdomo kwa ushungi.

Bibi Somoe alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Macho yake yalikuwa yametolewa mtoto wa jicho mwaka huo, na sasa hakuna kilichompita.

"Shikamoo, Bibi," Shamte alisema, amepiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Inua uso. Mtu anayekuja kuchukua mjukuu wangu anatazama chini kama anatafuta sindano?"

Shamte akainua uso. Bibi alimkagua, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma ya pazia mtu alishusha pumzi.

Mzee Ramadhani akafungua kitambaa cha kijani. Kwa watu wa kwao, mshenga haji na maneno matupu. Huja na bakora ya ukoo, huilaza kizingitini. Posa ikikubaliwa, mkubwa wa nyumba huiokota kwa mkono wake na kuisimamisha ndani, nyuma ya mlango, ikakaa hapo mpaka siku ya ndoa. Hii ilikuwa bakora ya mpingo, nyeusi tii, kichwa chake kimechongwa ngumi iliyofumbwa, na chini ya ngumi pete ya fedha. Akailaza kizingitini taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Basi mama," alisema, "kabla sijafungua mdomo, kijana ana kitu chake."

Shamte akaiondoa khanga kwenye fremu, akaiegemeza ukutani mbele ya Bibi.

"Bibi, Sauda aliniambia baba yako alifanya kazi kule. Hii ni korona ya kule kule. Nimeifanya kubwa. Nilitaka uione ilivyokuwa."

Gurudumu lilijaa ukumbini. Iddi alisogea. Shangazi Esha alisema "Maashaallah," bila kujua anachokisifu. Katika picha ile mashine ilikuwa imesimamishwa ili ipigwe vizuri, kila msumari unahesabika; ni watu waliokuwa wametikisika kidogo, nyuso zao kama za watu walio chini ya maji. Mbele ya mdomo wa mashine alisimama kijana kifua wazi, ameshika jani la mkonge.

Bibi Somoe alitambaa mkekani mpaka pua ikakaribia kioo. Akakaa hivyo. Akakaa mno.

"Mama?" Iddi alisema.

"Iddi. Tazama miguu yake."

Iddi akatazama. Kijana wa pichani alikuwa amepandisha wayo wa mguu mmoja juu ya mguu wa pili. Iddi akatazama miguu yake mwenyewe, pale aliposimama.

"Na sikio hili lililopinda," Bibi alisema. "Nililishika sikio hili nikiwa nabebwa mgongoni. Huyu ni Hasani Nalinga. Huyu ni baba yangu." Sauti ikamkatika, ikarudi nyembamba kama ya mtoto. "Ana mikono! Jamani, njooni mwone. Baba yangu ana mikono yote miwili!"

Sauda hakuweza tena kukaa nyuma ya pazia. Alitoka, mila ikamsamehe, akapiga magoti kando ya Bibi. Juu ya bega la yule mwanamke mzee, yeye na Shamte wakatazamana. Mtazamo ule ulikuwa ndoa tayari. Kilichobaki ni shehe tu.

"Kijana," Bibi alisema, akijifuta kwa upindo wa khanga, "wewe hukuleta zawadi. Umenirudishia mtu. Ramadhani, maneno yako weka, nimeshayasikia. Nipisheni niisimamishe hiyo bakora."

Shangazi Esha akapiga kigelegele. Iddi alitaka kumsaidia mama yake, akapigwa kofi mkononi. Bibi alijivuta mwenyewe hadi kizingitini, akainama, akaishika bakora shingoni.

Kisha hakuinuka.

Kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka juu ya pete ya fedha. Kikapanda kwenye ngumi. Kikashuka tena. Akageuza kichwa taratibu akaitazama picha. Sauda akafuata macho yake, yakapita gurudumu, yakapita mkanda, yakafika kulia kabisa, kwenye giza la ukingoni ambalo si yeye wala Shamte walikuwa wamewahi kujali kulitazama. Alisimama mtu mle. Kofia, kaptula iliyopigwa pasi. Begani ameegemeza fimbo nyeusi. Kichwa cha fimbo ni ngumi, na chini ya ngumi duara dogo linang'aa.

"Hii mmeitoa wapi?" Bibi aliuliza.

Mzee Ramadhani, ambaye alikuwa bado anatabasamu, akajiweka sawa. "Hiyo, mama, ni heshima ya ukoo wetu. Ya babu yetu, Mzee Shamte. Huyu kijana amepewa jina lake. Alikuwa nyapara mkuu kambini. Mzungu mwenye shamba mwenyewe alimpa bakora hiyo kwa uaminifu wake."

Bibi aliipapasa tena ile ngumi.

"Shamte," Bibi alisema. "Kumbe ndilo jina. Sisi hatukulijua. Watu walimwita Bwana Ngumi."

"Bibi..." Shamte alianza.

"Ngoja, mwanangu. Niliambiwa hadithi hii kila msimu wa kilimo, leo ni zamu yangu." Alikaa pale pale kizingitini, bakora mapajani. "Baba alilisha mashine tangu alfajiri. Mwenzake alishikwa na homa, wakamwambia alishe na zamu ya mwenzake. Akasinzia amesimama. Bwana Ngumi hakumwita jina. Alimpiga na hii, hapa begani. Mtu akipigwa usingizini huruka mbele. Mbele palikuwa na nini, Ramadhani?"

Mzee Ramadhani alitazama mkeka.

"Nakuuliza. Mbele palikuwa na nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani. Yule naye alikuwa ameagizwa."

"Aliagizwa. Kila mtu kule aliagizwa. Mkono tu ndio ulikwenda wenyewe." Sauti yake haikupanda. "Walimrudisha nyumbani na blanketi tu, basi. Mama yangu akalima peke yake hadi mgongo ukapinda ukabaki hivyo. Na ninyi mkapewa bakora, mkaifunga kitambaa cha kijani."

"Sisi hatukujua!"

"Hamkuuliza."

Shamte alisogea kizingitini. "Bibi, mimi nilikuwa sijazaliwa wakati huo. Hata baba yangu alikuwa hajazaliwa. Nitaichoma hiyo fimbo. Sasa hivi, mbele yako. Nipe niichome."

"Thubutu!" Mzee Ramadhani aliruka mkekani. "Bakora ya ukoo? Kwa ajili ya mwanamke? Ichome uone kama una kwenu!"

Bibi Somoe hakumjali mzee. Alimnyooshea kijana bakora. "Haya. Ichukue."

Mkono wa Shamte ulitoka. Ulifika nusu. Akamtazama baba yake mkubwa, mtu aliyemlea tangu alipobaki yatima, aliyemnunulia kamera ya kwanza. Mkono ukabaki hewani, hauendi wala haurudi.

Ilikuwa kitambo kidogo tu. Lakini Sauda alikuwa binti wa mashine. Alijua nguvu inapokatika, hata kama gurudumu bado linazunguka.

Mzee Ramadhani ndiye aliyeichukua bakora. Akaifunga kitambaa chake bila kumtazama mtu.

"Sikuchukii, mwanangu," Bibi alimwambia Shamte. "Uso wako mzuri na mikono yako ni ya kazi. Lakini sitaamka asubuhi nikamwita Shamte aje anywe chai. Sitambeba kitukuu mgongoni kwangu, kama nilivyobebwa mimi, huku nikijua ana damu hiyo. Sina hizo nguvu. Nendeni salama."

"Mama," Iddi alisema, "hawa ni watoto."

"Na mimi nilikuwa nini?"

Shamte alijiinua kama mtu mgonjwa. Akaikumbuka picha, akanyoosha mkono kuichukua, kwa maana posa ikikataliwa, vitu hurudi na mwenyewe.

"Picha inabaki," Bibi alisema.

*

Sauda alimkuta barabarani, mbali kidogo na bajaji ambamo Mzee Ramadhani alikuwa ameshaketi, ameigeuzia nyumba mgongo. Mikorosho ilikuwa imechanua, hewa nzima tamu, na utamu ule ulimkera.

"Twende," Shamte alisema. "Sasa hivi. Nachingwea, Songea, popote. Watazoea."

"Bibi hatazoea. Na wewe hutazoea kukosa kwenu."

"Ningeichukua ile fimbo. Wallahi ningeichukua. Ningepewa nafasi kidogo tu."

"Najua."

"Kwa nini basi unanitazama hivyo?"

Sauda alimshika shati, kwenye kifungo, kama alivyozoea kumshika studio wakiwa wawili. "Ulipoifanya picha kuwa kubwa, ulikaa nayo, siyo?"

"Nilikaa nayo sana. Kila sehemu niliipitia."

"Uliona nini?"

Shamte alifungua mdomo. Ukweli ukamchelewesha. "Gurudumu," alisema.

"Na mimi. Kila siku nilipokuja. Babu yangu alikuwa amesimama pale, babu yako nyuma yake na fimbo, na mimi na wewe tunasema mwanga umeingia vizuri." Kifungo kikang'oka mkononi mwake; hakukiachia. "Nakupenda, Shamte. Sijui nitakufanyaje. Lakini nikiamka kando yako nitautafuta mkono wako uliobaki hewani."

"Usiseme hivyo."

"Basi sisemi."

Honi ya bajaji ililia. Mzee Ramadhani hakugeuka. Shamte alimshika Sauda uso kwa viganja viwili, akamkariri kama anavyokariri kitu ambacho hakitapigwa picha, kisha akaenda. Sauda alibaki hadi vumbi likatua barabarani, na lilipotua akaona hakuna sababu ya kuendelea kusimama.

Ndani, Shangazi Esha alikuwa anafunika sufuria za wali ambao haukuliwa. Iddi alikuwa amerudi kwenye mashine yake, ameiwasha bila mahindi, inanguruma bure. Bibi Somoe alikuwa bado mkekani na picha. Upande wa kulia alikuwa ameufunika kwa upindo wa khanga, akamwacha baba yake na mashine peke yao.

"Njoo," alisema bila kugeuka. "Umelia?"

"Hapana, Bibi."

"Utalia kesho na keshokutwa. Nisamehe. Na usiponisamehe, sawa." Alipangusa kioo. "Wewe unazijua mashine. Mimi maisha yangu yote niliambiwa ilikata, sikuambiwa ilikuwa inakwendaje. Nieleze."

Sauda alitaka kukataa. Kisha akapiga magoti, kifungo bado kimo kiganjani, akaweka kidole kwenye kioo. Gurudumu lilikuwa bado zuri. Hakuna kilicholipunguzia uzuri, si machozi wala ile hadithi, na jambo hilo lilimwuma kuliko yote.

"Injini inavuta huku," alisema. "Mkanda unapanda hapa. Gurudumu linatunza nguvu."

"Enhe."

"Halafu nguvu inavuka juu, inashuka... inashuka huku, inakwenda kwenye ngoma. Ngoma ina visu. Jani linaingia hapa mdomoni, na anayelisha anasimama..."

Kidole chake kilikuwa kimeufikia mdomo wa mashine. Mbele yake, upana wa ukucha tu, vilikuwa vidole vya Hasani Nalinga vimeshika jani.

Bibi Somoe akaufunika mkono wa mjukuu wake kwa mkono wake.

"Ishia hapo," alisema. "Hapo bado anao."